Huduma ya kurekebisha mtambo wa maji machafu hotelini, nimekaa nayo mwaka mzima

Nyota 4 kati ya 5

Asalam aleikum wenzangu wa matengenezo, hasa nyie mliopo mahoteli ya shamba huku mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu mpaka Michamvi. Washanipigia watu watatu kuniuliza wale mafundi wa maji machafu waliotoka Dar kazi yao ikoje, nkaona bora niandike mara moja kwa urefu kuliko kumjibu kila mtu kwa simu. Jina la kampuni sitoandika mana nitasema na waliyokosea na wao hawapo hapa kujieleza, mnaonijua mtanitafuta nitawapa namba.

Kwanza hali ilivyokuwa. Hoteli yetu vyumba 42, na huku kwetu hakuna bomba la maji machafu la mji, kila hoteli na lake. Wengi wana karo na shimo la kufyonza basi, sie tuna mtambo mdogo: maji yanaingia tangi la kwanza la kutuama, yanakwenda tangi la hewa ambamo bakteria wanakula uchafu, afu tangi la kutulizia tope, yaani mabonge ya bakteria haohao, mwisho klorini na shimo. Ile hewa inapulizwa na bloa ya kilowati 5.5 na ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana tokea siku mtambo ulipofungwa, haijawahi kuzimwa isipokuwa umeme ukikatika. Mie nilifunga mita yake peke yake baada ya bosi kulalamika kila akinunua Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, na mita ikasema yuniti 108 kwa siku, siku nyengine 112. Mtambo wa choo unakula umeme kushinda jiko zima na frija zake, hapo ndo nkaelewa tunapotea wapi.

Na haijalishi msimu. Agosti hoteli imejaa, bloa inanguruma. Masika wageni wamebaki sita saba, bloa inanguruma vilevile. Ndo ubaya wa huku kwetu huo, maji yanayoingia mtamboni mwezi wa tano hayafiki hata robo ya yale ya mwezi wa nane lakini mashine haijui hilo, inapuliza tu.

Afu pamoja na umeme wote ule, maji yaliyokuwa yanatoka si masafi. Yana weupe weupe kama maji ya kuoshea mchele, povu juu, na asubuhi wageni wakishaoga harufu inakuja mpaka chini ya mnazi ule wa bwawa la kuogelea. Fundi wetu wa zamani, sitomtaja, alituambia bloa imekuwa ndogo tununue ya 7.5. Tulikaribia kununua jamani, bei ishatolewa, na nnamshukuru Mungu bosi alisita.

Hawa wa Dar walipokuja sikuwaamini sana mwanzo kwa sababu siku nne za mwanzo hawakugusa kitu, walipima tu. Walifunga kifaa kwenye waya wa bloa kinarekodi umeme, wakaning'iniza kipima oksijeni ndani ya tangi la hewa kinaandika kila dakika tano, na kijana mmoja akakaa na mimi daftari mkononi ananiuliza wageni wanaoga saa ngapi, dobi anafua siku gani, jikoni wanamwaga mafuta wapi. Siku ya tano wakanionesha mchoro. Kwenye tangi lile oksijeni inatakiwa iwe kama miligramu 2 kwa lita hivi, ikizidi hapo bakteria hawali zaidi, washashiba hewa. Yetu usiku ilikuwa inapanda mpaka 6 na zaidi. Saa tatu asubuhi wageni wakishaoga na jiko lishaosha vyombo, inaanguka chini ya nusu miligramu. Mana'ake usiku tunapulizia hewa tangi ambalo halina mlaji, na asubuhi walaji wamejaa hewa haitoshi.

Kijana akanieleza jambo ambalo sikulijua miaka yote. Maji yetu huku ni ya moto, tangi lile lina nyuzi 29 karibu mwaka mzima, na maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu tu. Kwahivyo ukishafika 6 umekaribia darini, na kila unavyokaribia dari hewa inaingia kwa shida zaidi, viputo vinapanda juu na kupasuka na kwenda zake angani. Nnalipia umeme kuchemsha povu. Na huko kukoroga kupita kiasi ndo kulikokuwa kunavunja mabonge ya tope yakawa unga mwembamba usiotulia, ule weupe wa maji ya mchele unatoka hapo. Kwahivyo umeme mwingi ndo uliokuwa unaharibu maji, si kwamba haukutosha! Hili wenzangu naomba mlishike kabla hamjanunua bloa kubwa.

Kazi yenyewe sasa. Walimwaga tangi nusu nusu wakatoa mabomba ya chini. Upande mmoja ilikuwa ni mabomba yaliyotobolewa matundu tu, viputo vikubwa kama yai, upande mwengine kulikuwa na difyuza za mpira, yaani vifaa vyenye matundu madogo vya kutolea viputo, ambazo zimeshika chokaa ngumu kama simiti. Maji yetu ya visima yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, mnayajua, birika la chai linaota weupe ndani ya wiki mbili, basi na mpira ule unaota vilevile, matundu yanaziba na bloa inasukuma kwa nguvu zaidi kupitisha hewa ileile. Wakafunga difyuza mpya za duara zenye viputo vidogo. Viputo vidogo vinapanda polepole na vina eneo kubwa la kugusana na maji, hewa ileile inaingiza oksijeni mara mbili au zaidi ya ile ya viputo vikubwa.

Lakini sikilizeni hapa mana kuna wauzaji wanakuja na difyuza peke yake na kuahidi bili itashuka. Difyuza zilipofungwa mimi niliangalia mita wiki nzima, umeme ulishuka kutoka 108 mpaka 101 tu! Kisa bloa bado iko kasi ileile, kilichopungua ni ule mzigo wa kusukuma kwenye matundu yaliyoziba. Oksijeni ndo ilipanda, usiku ikafika 7. Faida inakuja pale unapoipunguza kasi bloa kwa sababu sasa unahitaji hewa kidogo. Hapo ndo wakafunga inverta inayobadilisha kasi ya mota na sensa ya oksijeni inayoiambia inverta iongeze au ipunguze. Kuanzia usiku wa kwanza mlio ulibadilika, walinzi wakaja kuniamsha wakidhani mashine imeharibika.

Nilimuuliza yule kijana kuhusu ile kanuni tuliyosoma chuoni kwamba ukipunguza kasi nusu umeme unashuka mara nane. Akaniambia kaka hiyo ni ya pampu na feni za kuzungusha, bloa yako ni ya meno mawili yanayokamata hewa na kuisukuma dhidi ya kina kilekile cha maji, kwahivyo umeme unashuka sambamba na kasi, usitegemee zaidi. Na akanizuia nisishuke chini ya hezi 25, yaani nusu ya kasi yake ya kawaida, mana mota inajipoza kwa feni yake yenyewe, ikizunguka taratibu sana inapata moto na bloa pia inapata moto. Nilimheshimu kwa hilo. Muuzaji mwengine angenipa ile hesabu ya mara nane niridhike.

Sasa kama kasi ina mwisho wake na usiku bado oksijeni imezidi, unafanyaje? Unazima. Unazima kwa muda afu unawasha. Hili mimi nililiogopa mana tokea nianze kazi hii nimeambiwa ukizima hewa bakteria wanakufa. Hawafi kwa nusu saa. Na kumbe kuna faida nyengine ndani yake ambayo kwetu sisi wa pwani ni kubwa kuliko hata umeme. Mkojo unaleta amonia, hewa ikiwepo bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, na kazi hiyo inakula oksijeni nyingi mno, kilo moja ya naitrojeni inataka oksijeni kilo nne na nusu. Sasa mtambo unaopuliza masaa 24 unaishia hapo, naitreti inatoka na maji, inaingia shimoni, mwamba wetu umejaa matundu haichujwi, inateremka mpaka kwenye visima na pwani. Ukizima hewa, kuna bakteria wanaokosa oksijeni ya kawaida wakaichukua ile iliyomo ndani ya naitreti, naitrojeni inabaki gesi ya kawaida hii tunayoivuta na inakwenda zake hewani. Na ile oksijeni waliyoichukua umerudishiwa sehemu kubwa ya uliyolipia. Umeme unapungua na bahari inapata nafuu kwa swichi ileile moja, mimi jambo hili lilinifurahisha sana, siku ile nilimpigia mke wangu simu kumueleza naye hajui hata bloa ni nini.

Nalisema hili kwa uchungu mana mie mama yangu ni mkulima wa mwani. Kilimo cha mwani Unguja kilianzia huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989, na skuli yangu imelipiwa na mwani. Siku hizi mwani una matabu mengi, bahari imepata moto, maradhi, siwezi kusimama hapa nkasema ni mahoteli yaliyofanya. Lakini mwaka juzi bibi mmoja jirani alinisimamisha njiani, nkamwamkia shikamoo, akaitikia afu akanambia, "Mjukuu wangu, pale mbele ya hoteli yenu pana ukoga wa kijani hauondoki, kambaa zetu zinavaa majani mengine, nyinyi maji yenu mnayapeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua yanakwenda wapi.

Hapa ndo nakuja kwenye nyota niliyoikata.

Walipoweka ule mpango wa kuzima waliweka masaa mawili mazima usiku, kuanzia saa saba mpaka saa tisa, afu wakapanda boti wakarudi Dar. Baada ya wiki mbili nafika asubuhi tangi la kutulizia limefunikwa tope jeusi juu kama uji ulioganda, linavuka ukingo linakwenda kwenye klorini. Kilichotokea ni kwamba mtambo wetu unarudisha tope kutoka tangi la kutulizia kwenda tangi la hewa kwa kutumia hewa ya bloa hiyohiyo, bloa ikizimwa na tope halirudi, linakaa chini masaa mawili na gesi ya naitrojeni inazalikana ndani yake na kulinyanyua juu. Hili walitakiwa walione, bomba la kurudishia tope lipo wazi wanalipita kila siku! Nilipiga simu, walipokea vizuri na walinielekeza nizime taima nirudishe hewa ya moja kwa moja, lakini wao wenyewe walifika siku ya tisa. Siku tisa nachota tope kwa ndoo na kijana wa bustani. Walipokuja walifunga pampu ndogo ya kurudishia tope isiyotegemea bloa, bila malipo, na wakabadilisha mpango uwe hewa saa moja, kuzima nusu saa, usiku tu na mchana wa msimu mdogo. Tokea hapo halijaelea tena. Mhandisi wao pia alinionya nisijiongezee muda wa kuzima wala nisiishushe oksijeni kupita kiasi kwa tamaa ya yuniti, mana bakteria wakinyimwa hewa nusu nusu wanatoa gesi ya oksidi ya naitrasi ambayo kwa kupasha moto dunia inaishinda kaboni dayoksaidi zaidi ya mara 270. Hayo angeyasema kabla hajapanda boti ile ya mwanzo, mimi ningefurahi zaidi.

Kasoro ya pili ni chumvi. Walileta kasha la paneli la kawaida la Dar mjini. Sisi tupo mita mia na hamsini kutoka baharini na upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye meno. Feni ya ndani ya inverta ilishika kutu ndani ya miezi mitano ikakwama, inverta ikajizima kwa joto. Feni tulinunua sisi. Ukiwaita hawa, au kampuni yoyote, dai kwa maandishi kasha lililofungwa vizuri na liwekwe ndani ya chumba, si ukutani nje.

Na sensa inataka kufutwa kila wiki kwa kitambaa laini, inaota utelezi, ikiota inasoma oksijeni ndogo kuliko iliyopo na bloa inapanda kasi bure. Mwezi wa Ramadhani tulichelewa kuifuta wiki tatu, mita ikapanda yuniti 15 kwa siku. Sasa nimempa kijana wa bustani kazi hiyo kila Alhamisi, anaifanya vizuri.

Nililolipenda kuliko yote hata hawakulitoza. Siku ya pili tu walisema mtego wa mafuta wa jikoni ni mdogo, hautoshi hata kwa mgahawa wa vyumba kumi, mafuta yote ya kukaangia pweza na chipsi yanaingia mtamboni, yanaganda kwenye mpira wa difyuza na bakteria wanahangaika nayo. Wakatuchorea ukubwa unaotakiwa kwenye karatasi, wakatuambia tafuteni fundi wenu wa hapahapa ajenge, msitulipe sisi. Tulijenga kwa mawe na simiti ndani ya wiki moja. Povu liliondoka hata kabla difyuza hazijafika. Na walitupitisha vyumbani tukakuta mabirika ya vyoo kumi na moja yanavuja maji usiku kucha, kila lita inayovuja inasukumwa na pampu ya kisima kwenda juu afu inakuja kupita mtamboni, unalipia mara mbili.

Hesabu za mwaka mzima kwa mita yangu mwenyewe: Agosti, hoteli imejaa, wastani yuniti 54 kwa siku. Mei, hoteli karibu tupu, yuniti 29. Kabla ilikuwa 108 miezi yote. Kazi yote ilitugharimu milioni 28 pamoja na difyuza, inverta, sensa na usafiri, na bosi anahesabu itarudi ndani ya miaka minne hivi, bila kuhesabu ile bloa ya 7.5 ambayo hatukuinunua. Maji tulipima maabara Dar, unayaweka kwenye kisanduku cha barafu na kuyapeleka kwa boti ya asubuhi mana yakilala njiani majibu yanakuwa ya uongo. BOD, yaani uchafu unaokula oksijeni, kabla ilikuwa 61, sasa 13, na kiwango cha Bara cha kumwaga ni 30 miligramu kwa lita. Naitreti imeshuka chini ya nusu ya ilivyokuwa. Yale maji sasa nnamwagilia migomba na miti ya kivuli, baada ya kuyapitisha kwenye bwawa dogo la kokoto na matete tulilochimba wenyewe, halitumii umeme hata kidogo, maji yanateremka tu.

Jambo jengine dogo ila wa huku mtalithamini. Umeme wetu karibu wote unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na sote tunakumbuka mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 waya wa zamani ulipoharibika tukakaa gizani miezi mitatu. Ukikatika hata saa moja mimi nawasha jenereta. Zamani bloa ikianza inavuta kwa kishindo jenereta inayumba mpaka taa zinafifia, ilibidi nizime friji la samaki kwanza. Sasa inverta inaianzisha pole pole, jenereta ileile inabeba bloa na friji pamoja.

Watu wameniuliza pia kwa nini hawakutujengea mtambo wa gesi tupikie. Niliwauliza. Walisema wazi kwamba maji yetu ni kama kubiki 25 kwa siku na ni membamba, ya kuogea mengi, gesi yake haitoshi hata chai ya wafanyakazi. Miji mikubwa ndo inaweza, Bugolobi pale Kampala wanachachisha tope na kupata gesi ya kuzalishia umeme wa mtambo wenyewe. Wangeweza kutuuzia tangi la gesi tukanunua, bosi alikuwa analitaka sana, hawakufanya hivyo.

Ushauri kwa anaetaka kuwaita: waite msimu mdogo, Aprili au Mei, mana tangi lazima limwagwe nusu. Waambie wapime kwanza, wanalijua hilo wenyewe lakini wasikupunguzie siku. Sisitiza pampu ya kurudishia tope iwepo tokea mwanzo. Sensa ya akiba na mipira ya difyuza ya akiba iachwe hotelini, kusubiri boti na kipuri ni siku nne tano. Na waombe wakufundishe kile kipimo cha jagi, unachota maji ya tangi la hewa kwenye jagi la lita moja linaloonesha, unaliweka mezani nusu saa, unaangalia tope limetua kiasi gani na maji ya juu yana rangi gani. Mimi nafanya kila asubuhi kabla ya chai, jagi linanambia hali ya mtambo mapema kuliko paneli.

Leo asubuhi tope lilitua kwenye alama ya mililita mia tatu, juu maji yanaona mpaka upande wa pili. Wiki ijayo tunazitoa difyuza kuziosha chokaa kwa asidi nyepesi kabla msimu wa Juni haujaanza, fundi mmoja wao anakuja, nikimaliza nitawaambia zimetoka katika hali gani baada ya mwaka.